Grainda ya kuifaa mashine mpya ya espreso: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanywaji wa Dar es Salaam

Maswali haya yametoka kwa watu walioanza na mashine ndogo ya espreso, wakapanda daraja, kisha wakakwama. Wako Sinza, Tabata, Upanga, Mbezi Beach, Kigamboni, na shida zao zinafanana kuliko wanavyodhani. Mwenye haraka asome swali la 1 na la 5, halafu aende la 14. Grainda inayosemwa humu ni ya kusagia kahawa, si ile ya fundi wa mageti.

## Mambo ya msingi

1. Nimeuza mashine ndogo, nimenunua kubwa. Mbona kahawa imekuwa mbaya kuliko ya mwanzo?

Kwa sababu mashine ya mwanzo ilikuwa inakusitiri. Mashine ndogo nyingi huja na chujio la kuta mbili: ndani lina matundu mengi, lakini chini kabisa kuna tundu moja tu la kutokea, dogo kama la sindano. Tundu hilo ndilo linalojenga presha na kutengeneza lile povu. Unga uwe mnene, uwe laini, uwe wa wiki iliyopita, vikombe vinafanana.

Mashine kubwa huja na chujio wazi, lenye matundu chini kote. Hapo kinachoyazuia maji ni kahawa yenyewe, basi. Pampu inasukuma kwa presha ya baa 9 hivi, na unga uliosagwa ovyo hauwezi kusimama mbele yake. Maji yanapita kwa sekunde nane au kumi, unapata kitu chepesi, kichachu, chenye povu jeupe linalokufa kabla hujakoroga sukari. Mashine haina kosa. Kazi iliyokuwa inafanywa na kile kitundu sasa ni ya grainda.

Kama kwenye boksi la mashine yako kuna machujio ya aina zote mbili, tumia la kuta mbili mpaka grainda ifike. Si aibu.

2. Blenda ya jikoni haiwezi? Na kinu je?

Blenda haisagi, inakatakata. Kisu kinazipiga punje zilizo karibu nacho mpaka zinakuwa vumbi, huku nyingine zikibaki chenga. Vumbi linaziba chujio, chenga zinapitisha maji, na kikombe kimoja kinakuwa kichungu na kichachu kwa pamoja.

Kinu kina heshima yake. Kahawa chungu ya barazani imetwangwa kwa kinu na mchi miaka na miaka, na inatoka vizuri, kwa sababu inachemka ndani ya birika: chembe kubwa na ndogo zote zinapata muda wa kutoa ladha, machicha yanatuama chini. Espreso haina muda huo. Maji na kahawa vinakutana kwa nusu dakika tu, tena kwa nguvu, kwa hiyo chembe lazima zikaribiane ukubwa.

3. Si ninunue tu kahawa iliyosagwa tayari?

Pakiti iliyosagwa imesagwa kwa kipimo cha mashine ya mtu mwingine. Hata ikitokea inaendana na yako, ukishaifungua inapoteza ladha siku hadi siku, na hewa ya pwani haiisaidii. Chujio la kuta mbili litaipokea. Chujio wazi litaikataa.

4. Nitenge pesa kiasi gani kwa grainda?

Watu wanataka asilimia. Mimi sitoi asilimia. Ninachosema ni mpangilio: kama bado una pesa yote mkononi, chagua grainda kwanza, kisha nunua mashine kwa kinachobaki. Nimeonja shoti (kipimo kimoja cha espreso) ya mashine ya Gaggia Classic, yenye boila moja ndogo, iliyolishwa na grainda nzuri ya mkono, na nimeonja ya mashine ya boila mbili iliyolishwa na grainda ya kahawa ya kuchuja, ile ya kumwagia maji taratibu bila presha. Ile ya Gaggia ilikuwa nzito, tamu, na harufu yake ilijaa chumba. Ile ya boila mbili ilikuwa maji ya moto yenye rangi.

Aliyekwisha kununua mashine asinunue grainda ya bei ya chini "ya kuanzia". Hapa mjini hiyo ndiyo pesa ninayoiona ikipotea zaidi, maana kuiuza tena ni shida: anayeijua haitaki na asiyeijua hana mashine. Ni heri ukae miezi miwili na chujio la kuta mbili, au uanze na ya mkono (swali la 8).

## Kuchagua

5. Kila boksi limeandikwa "espreso". Nitajuaje ipi inafaa kweli?

Usiangalie kama inasaga laini. Karibu zote zinasaga laini. Angalia inasogea kwa hatua ndogo kiasi gani ukiwa huko kwenye laini.

Grainda nyingi zina vituo: unazungusha, inalia "tik", meno ya kusagia yanakaribiana au kuachana kidogo. Kwenye kahawa ya kuchuja, tik moja ikiwa kubwa huoni tofauti. Kwenye espreso, tik moja kubwa inakutoa sekunde 15 mpaka 45, na kile unachokitaka kipo katikati, mahali ambapo mkono wako haufiki. Mtu anaanza kubadilisha kiasi cha kahawa, anashindilia kwa hasira, anabadilisha pakiti, na tatizo liko palepale.

Grainda ya mkono ya 1Zpresso J-Max husogeza meno mikroni 8.8 kwa kila tik (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kingrinder K6 mikroni 16. Zote mbili zinaseti espreso, yaani zinafikia usagaji unaotoa shoti kwa muda sahihi, ya kwanza kwa urahisi zaidi. Kwa za umeme, Eureka Mignon haina vituo kabisa: unazungusha kitufe na kinakaa popote unapokiacha. Kipimo changu cha vitendo ni hiki: ukisogeza hatua moja, muda wa shoti ubadilike kwa sekunde mbili, tatu, nne. Ukibadilika kwa kumi, grainda hiyo si ya chujio wazi.

Jihadhari na majina yanayofanana. Baratza Encore ya kawaida ni ya kahawa ya kuchuja. Baratza Encore ESP ina vituo 40, na 20 vya mwanzo vimekaribianishwa kwa ajili ya espreso. Timemore C3 na C3 ESP ni hivyohivyo. Herufi tatu zimewagharimu watu wengi safari ya pili ya mzigo.

Kitu kingine cha kukagua ukiwa nayo mkononi ni uimara wa mhimili. Shika meno ya ndani, yatikise kushoto na kulia. Yakicheza, unga hautakuwa sawa hata vituo viwe vingi namna gani.

6. Meno bapa au meno ya umbo la pia?

Ya pia ni jino moja kama kofia ya msonge linalozunguka ndani ya pete. Bapa ni sahani mbili zinazotazamana. Niche Zero ni ya pia, milimita 63. DF64 ni bapa, milimita 64. Eureka Mignon Specialita ni bapa, milimita 55.

Kwa mdomo: ya pia mara nyingi hutoa kahawa nzito, iliyoshikana, na husamehe zaidi ukikosea kidogo. Bapa huzitenganisha ladha, unaonja tunda na utamu kila kimoja mahali pake, lakini hudai mkono makini. Kwa mtu aliyekulia kahawa chungu na kashata, mimi humshauri ya pia. Zaidi ya hapo swali hili lisikucheleweshe. Tofauti ya meno ni ndogo kuliko tofauti kati ya kahawa iliyosetiwa na isiyosetiwa. Ukubwa wa meno, kwa matumizi ya nyumbani, unakuongezea kasi ya kusaga kabla ya kukuongezea ladha.

7. Grainda ipi kwa mashine ipi?

Kama una De'Longhi Dedica na hujabadilisha chochote, huna haja ya grainda ya espreso. Chujio lake la kuta mbili linamaliza kazi. Ukiinunulia chujio wazi la milimita 51, hapo umeingia kwenye kundi la wengine, na grainda ya mkono yenye tik ndogo inaitosha.

Sage Bambino, ambayo Marekani na Australia huitwa Breville, ina kichwa (mahali chujio linapofungwa) cha milimita 54; kagua boksini kama machujio ya aina zote mbili yamo. Inapasha moto haraka, kwa hiyo wanaoipenda ni watu wa asubuhi za mbio. Grainda ndogo ya umeme inaendana nayo kuliko ya mkono, vinginevyo haraka yote inaishia kwenye kuzungusha.

Gaggia Classic na Rancilio Silvia, kichwa milimita 58, ndizo naziona nyingi kwa waliopanda daraja. Hapa ndipo grainda inapoamua kila kitu. Boila yake ni moja na ndogo, joto linapanda na kushuka, kwa hiyo una mambo mawili yanayotikisika. Grainda imara inakutolea moja. Eureka Mignon, DF64, J-Max, Niche, yoyote kati ya hizo inaitosha mashine hii kwa miaka.

Mashine za kichwa cha E61, kile kizito kilichotokea Italia kwa Faema mwaka 1961, huchukua takriban nusu saa kupata moto sawasawa. Mwenye mashine hiyo amekubali kusubiri na kwa kawaida anapikia nyumba nzima. Nunua ya umeme isiyo na vituo. Kuiwekea grainda dhaifu ni kufunga punda kwenye gari la treni.

Mashine za wenzo kama Flair, ambazo unasukuma kwa mkono, zinasamehe zaidi kwa sababu mkono unahisi: kahawa ikipita mbio unalegeza, ikigoma unaongeza. Ukiwa na grainda ya mkono pia, unahitaji maji ya moto tu. Umeme ukikatika, jiko la gesi lipo.

8. Grainda ya mkono inatosha kweli, au ni ya safari?

Inatosha, na kwa mtu mmoja au wawili wa Dar es Salaam ndiyo ninayoitaja kwanza. Kwa pesa ileile unapata meno bora, kwa sababu hulipii mota. Haijali umeme, ni nyepesi kusafirisha (swali la 13), na saa kumi na moja alfajiri haiwaamshi watoto.

Gramu 18 za kahawa iliyokaangwa wastani huchukua dakika moja hivi. Kahawa iliyokaangwa kidogo ni ngumu. Hapo utaisikia begani. Haifai kwa nyumba ya wageni wengi. Ukipikia watu wanane siku ya Idi, kikombe cha tano utaanza kujuta. Wala haifai kwa mwenye maumivu ya viungo vya mkono.

9. Yenye hopa (chombo cha juu cha kuwekea punje), au ya kupima punje kila shoti?

Ya kupima kila shoti. Kwingine ni suala la ladha ya mtu. Hapa ni hali ya hewa. Kahawa ikikaa kwenye hopa ya plastiki wiki nzima, hasa masika ya Machi mpaka Mei, inavuta unyevu na kuchakaa mbele ya macho yako. Hopa inafaa kama nyumba inamaliza robo kilo kwa siku mbili tatu.

Uliza pia kiasi cha unga kinachobaki tumboni mwa grainda. Ikibakiza gramu tatu, shoti ya leo asubuhi ina kahawa ya jana usiku.

10. Kuna mkahawa umefungwa, wanauza grainda ya Mazzer kwa bei nzuri. Nichukue?

Huenda ukawa umeokota dodo. Mazzer Super Jolly ina meno bapa ya milimita 64 na mwili usiochoka. Lakini ilijengwa kwa ajili ya kusaga bila kupumzika: hubakiza unga mwingi ndani, na hopa yake ndefu haipiti chini ya kabati la jikoni.

Kabla ya kulipa, fungua juu na upitishe kidole kwenye ncha za meno umeme ukiwa umechomolewa. Yakikukwaruza, bado. Yakiteleza kama kijiko, ongeza bei ya meno mapya kwenye hesabu, maana mkahawa husaga kwa mwezi kile wewe utakachosaga kwa miaka. Kisha iwashe tupu usikilize. Mngurumo mmoja ulio sawa ni mzuri. Mlio wa chuma kwa chuma au wa kusuasua ni kazi ya fundi wa mota.

## Umeme, mzigo na ushuru

11. Shemeji yuko Marekani, anakuja Desemba. Aniletee grainda?

Akuletee ya mkono. Ya umeme, hapana.

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Wa Marekani ni volti 120, hezi 60. Transfoma ya kushusha umeme inarekebisha volti peke yake. Hezi zinabaki zilezile. Mota nyingi za grainda kubwa hufuata hezi, kwa hiyo hapa zitazunguka pungufu kwa kama sehemu moja ya sita na kupata joto zaidi. Na siku moja, kwenye haraka, mtu wa nyumbani ataichomeka moja kwa moja ukutani. Mimi nilipoteza grainda namna hiyo, haikuchukua hata sekunde tano. Harufu ya mota iliyoungua ilikaa jikoni siku mbili, na sitamani imkute mwingine.

Mzigo wa Dubai au Uingereza unachomeka moja kwa moja kwenye soketi zetu za pini tatu bapa. Wa China una volti na hezi zinazoendana na zetu, badili plagi tu.

12. Umeme wa mtaani kwetu unapanda na kushuka. Unaathiri grainda?

Ndiyo, na si kwa kuunguza tu. Grainda nyingi hupima kahawa kwa muda: umeiambia sekunde nane, inasaga sekunde nane. Umeme ukishuka jioni, saa ambayo kila nyumba imewasha feni na pasi, mota zinazofuata volti hupungua kasi, na sekunde nane zilezile zinakupa gramu 16 badala ya 18. Shoti inakimbia na wewe unalaumu kahawa. Pima kwa mizani kila mara, usiamini muda.

Stebilaiza nzuri italinda mashine na grainda kwa pamoja, lakini jumlisha wati zake kwanza. Mashine ya espreso inavuta wati elfu moja na zaidi, na gadi ndogo ya friji si ya kazi hiyo. Umeme ukikatika grainda ikiwa katikati ya kusaga, izime, toa punje zilizobaki juu, kisha iwashe tupu. Ikianza na meno yaliyojaa inaweza kugoma na kuvuma bila kuzunguka, na huko ndiko kuungua.

13. Ushuru unakuwaje?

Hesabu huanzia kwenye bei ya bidhaa ukijumlisha bima na usafiri. Juu ya hapo TRA huweka ushuru wa forodha, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa kwenye jumla yote, ushuru ukiwemo. Kwa hiyo nauli ya mzigo nayo inatozwa kodi. Grainda ya umeme ya kilo saba au nane kwa ndege inauma mara mbili. Ya mkono haifiki kilo moja. Wakala wa mizigo akikupa bei "ya kila kitu", muulize kwa maandishi kama kodi imo ndani, na uombe risiti.

## Kuseti

14. Naanzaje kuseti?

Nunua mizani inayosoma gramu 0.1 kabla ya kununua kitu kingine chochote. Ile ndogo ya sonara inapatikana Kariakoo na inatosha.

Weka gramu 18 kwenye chujio la milimita 58 (Dedica iliyobadilishwa chujio, anza na 14). Sambaza unga, shindilia kwa tampa (kile kishindilio cha mkono) ukiwa umeinyoosha, washa saa pamoja na pampu. Unatafuta gramu 36 kwenye kikombe kwa sekunde 25 mpaka 30. Ikitoka kabla ya 20, saga laini zaidi. Ikidondoka kwa kusuasua mpaka 40, legeza. Badilisha kusaga peke yake. Gramu na ushindiliaji visiguswe. Meno ya grainda ya umeme yakaribishe mota ikiwa inazunguka, la sivyo punje zilizo katikati zitayabana.

Kila ukisogeza, saga gramu mbili tatu na uzimwage, kwa sababu unga wa kipimo cha zamani bado umo njiani. Wengi huruka hatua hii, wakaonja mchanganyiko na kudhani grainda haisikii.

Ukifika kwenye sekunde, acha saa, onja. Ikiwa chachu ya kukunja uso, laini kidogo tena. Ikiwa chungu na inakausha ulimi, legeza. Mara nyingi shoti nilizozipenda zimeangukia sekunde 32 au 23. Robo kilo ya kwanza itaisha kwenye kujifunza. Iweke kwenye bajeti.

15. Jana ilitoka sekunde 28, leo 17, sijagusa kitu. Kwa nini?

Kahawa inazeeka. Kadiri hewa yake inavyotoka ndivyo maji yanavyopita kirahisi, kwa hiyo ni kawaida kusogeza laini kidogo kila siku mbili tatu kwa pakiti ileile. Joto la Dar linaharakisha jambo hilo. Kagua pia uzito (swali la 12) na unyevu: kama pakiti ililala wazi usiku wa mvua, muda utayumba na sitabahatisha upande gani. Angalia saa, fuata saa.

Kwa kuhifadhi, gawa kahawa kwenye vichupa vya kubana, weka friza, toa kimoja kimoja. Usikifungue kikiwa cha baridi. Kiache kifikie joto la chumba kikiwa kimefungwa, maana hewa yetu ikikutana na punje za baridi inageuka maji papo hapo.

16. Unga unatoka vibonge, na shoti inarusha pembeni.

Mambo hayo mawili ni ndugu. Kibonge kinaacha upenyo kando yake, maji yanajichimbia mfereji hapo, mahali pengine panabaki pakavu. Chukua sindano nyembamba nne au tano, zichomeke kwenye kizibo, koroga unga ndani ya chujio mpaka chini kabla ya kushindilia. John Weiss aliileta mbinu hii mwaka 2005 na hadi leo hakuna kifaa cha bei kinachoizidi kwa mbali.

17. Nimefika mwisho wa laini na bado inakimbia.

Kwanza tarehe ya kukaangwa. Kahawa ya miezi sita itakimbia hata ukiisaga kama poda. Pili, sufuri ya grainda: huenda meno hayajakaribishwa kiwandani hadi mwisho, na nyingi zina namna ya kurekebisha kwenye kitabu chake. Tatu, ongeza gramu moja. Ikishindikana yote, rudi swali la 5; umenunua ya kuchuja.

18. Mashine yangu imeandikwa baa 15. Nisage laini kuliko wengine?

Hapana. Namba hiyo ni uwezo wa juu wa pampu, si presha inayotakiwa kwenye kahawa. Kama mashine haina valvu iliyosetiwa karibu na baa 9, kusaga laini sana kutaipandisha presha, kahawa itabanwa, mifereji itatokea. Baadhi ya mashine hukubali kubadilishwa springi ya valvu hiyo. Ukibadilisha, seti grainda upya.

## Kahawa yenyewe

19. Kahawa gani ya hapa nyumbani inarahisisha mambo?

Anza na arabika ya Kilimanjaro, Mbozi au Mbinga, iliyokaangwa wastani, yenye tarehe ya kukaangwa kwenye pakiti, iliyopumzika siku saba mpaka kumi na nne. Ikiwa mpya mno inatoa gesi nyingi na povu la kudanganya. Pakiti isiyo na tarehe iache dukani, hata iwe na picha nzuri ya mlima.

Ukipenda uzito wa kahawa chungu, tafuta mchanganyiko wenye robusta ya Kagera. Robusta ina kafeni karibu mara mbili ya arabika na huleta krema (povu la juu) nene; robo tu ya mchanganyiko inatosha kuibadilisha shoti. Na kumbuka, kahawa iliyokaangwa sana ni dhaifu, huvunjika kwa vumbi jingi, kwa hiyo legeza. Iliyokaangwa kidogo ni ngumu, kaza. Kila pakiti mpya ni kuseti upya.

20. Naweza kuitumia kusagia kahawa chungu ya baba? Na tangawizi, iliki?

Kahawa yake, ndiyo, lakini kwenda na kurudi kati ya vipimo viwili kila siku kutakuchosha na kutakula kahawa. Kama mzee anakunywa kila jioni, mwachie kinu chake au umpe grainda yako ya zamani. Kahawa ya birika haihitaji zaidi. Kama ya mkono ina namba, andika namba mbili kwenye karatasi, ibandike kabatini.

Viungo, kamwe. Iliki ikipita mara moja kwenye meno, harufu inakaa miezi. Tangawizi kavu ina nyuzi zinazojisokota kwenye mhimili. Viungo vitwangwe kinuni, vikutane na kahawa kwenye birika.

## Matunzo na mikasa

21. Nisafishe kwa kusaga mchele?

Usifanye. Mchele ni mgumu kuliko kahawa, unaelemea mota na kuacha wanga unaoganda kwa unyevu wetu. Fungua, piga brashi kavu, futa mafuta kwa kitambaa. Mara moja kwa mwezi inatosha. Kahawa nyeusi ya mafuta, kila wiki mbili. Meno ya chuma yasiguswe na maji, hapa pwani yataota kutu kabla ya jua kuzama.

22. Imekwama ghafla na mlio mkali.

Zima, chomoa. Karibu kila mara ni kokoto. Kahawa nyingine huanikwa chini na kijiwe kikikaangwa hufanana na punje. Geuza grainda chini juu, fungua meno, toa jiwe, tazama kama ncha zimekatika. Usijaribu kulisaga lipite. Ukinunua kutoka kwa mtu anayekaanga kwa mkono, mwaga kila kipimo kwenye sahani nyeupe kabla ya kusaga. Ni sekunde kumi.

23. Nimekuta mende ndani.

Wanafuata joto la mota na harufu ya mafuta, na jikoni za Dar haziwakosi. Usipulizie dawa, itaishia kwenye kikombe. Chomoa, toa sehemu zote zinazofunguka, piga brashi, saga gramu 20 za kahawa ya zamani uzimwage, rudia. Kisha badilisha mazoea ya usiku: hopa tupu, mdomo wa kutokea unga umefunikwa, grainda isikae imegusana na mashine yenye joto. Kwa sisimizi, tatizo si kahawa, ni sukari iliyomwagika karibu. Hamisha bakuli la sukari upande wa pili wa jikoni.